Sura ya Tano: Hasira Ina Macho

Kuanzia alasiri, Petite Barrière huanza kurudisha watu. Asubuhi walivuka mpaka kutoka Gisenyi, Rwanda, kwenda Goma, Kongo, na mabeseni ya nyanya, karoti, maziwa na sambaza wa Ziwa Kivu. Sasa wanarudi na mabeseni matupu kwapani. Huyu ana kitenge, yule ana sabuni, na mwingine hana kitu ila ahadi. Kabla ya korona, kivuko hiki kilihesabiwa miongoni mwa mipaka ya waenda kwa miguu yenye msongamano mkubwa kabisa Afrika: makumi ya maelfu ya watu kwa siku, wengi wao akina mama wa biashara ndogondogo.

Tumchukue mmoja wao. Jina halina haja, maana wenye kisa chake ni wengi. Wiki iliyopita alimwachia mnunuzi wa Goma ndoo mbili za nyanya kwa mali kauli. Leo amekwenda kudai. Mnunuzi hakuinua hata macho kwenye simu yake: arudi Alhamisi. Mama alipotaka kusema neno, akakumbushwa kwamba wauza nyanya sokoni wamejaa tele. Basi akacheka. "Haina shida, papa, nitapita Alhamisi." Kwenye foleni ya kurudi akakanyagwa, akasukumwa, akaambiwa na mwenye sare kwamba karatasi zake zimechakaa, akaitikia ndiyo, akashukuru. Saa kumi na moja yuko nyumbani Mbugangari. Mtoto wa miaka sita amemwaga maji ya kunywa. Kofi alilopigwa lilisikika nyumba ya tatu.

Sura hii inahusu kofi hilo, na zaidi inahusu njia liliyoipitia. Hasira yenyewe ilizaliwa Goma, mbele ya meza ya mnunuzi. Ikavuka mpaka bila jetoni, kama wakazi wa hapa wanavyokiita kile kibali cha kuvukia. Jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliasisiwa hapahapa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976 ili watu na mali vipite kwa wepesi kati ya Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati huo. Hasira haimo kwenye mkataba, lakini sijaona mzigo unaopita kwa wepesi kuishinda. Ilimpita aliyeisababisha, ikampita aliyekanyaga, ikampita mwenye sare, wote watu wazima wenye uwezo wa kujibu. Ikamshukia wa miaka sita.

Tunapenda kusema hasira hupofusha. Mimi siamini. Hasira ina macho, tena makali: katika kundi la watu kumi itamwona mmoja asiyeweza kuirudisha. Mwanamume anayeapa kwamba "hasira zilinipanda, sikujijua" muulize kama zimewahi kumpanda mbele ya bosi wake, mbele ya mwenye nyumba anayemdai kodi ya miezi miwili, mbele ya askari. Muulize alivunja nini jana usiku. Sahani za mkewe zimekwisha, redio yake mwenyewe iko salama juu ya kabati. Mtu asiyejijua angekosea mara moja moja.

Sibishi kwamba mwili unachemka. Unachemka kweli, na wataalamu wa moyo wameupima. Watafiti wa Marekani walikusanya tafiti kadhaa mwaka 2014 wakaona kwamba katika saa mbili baada ya mtu kulipuka kwa hasira, uwezekano wa kupata shambulio la moyo unakaribia kuwa mara tano ya kawaida yake. Mwaka 2024 wengine waliwachukua watu wazima 280 wenye afya, wakawaomba baadhi yao wakumbuke kwa dakika 8 jambo lililowakasirisha. Mishipa ya damu ya waliokumbuka hasira ilipungukiwa uwezo wa kutanuka kwa muda wa hadi dakika 40. Dakika nane za kukumbuka tu, hakuna aliyetukana mtu. Kwa hiyo yule mama wa nyanya, aliyekuja na kisa chake kichwani kutoka mpakani hadi Mbugangari, alifika nyumbani mwili ukiwa umeshatozwa ushuru.

Ila mwili unasema neno moja tu: amka. Hausemi umpige nani. Hilo la pili tunaliongeza wenyewe, upesi mno kiasi kwamba linaonekana kama halikuongezwa na mtu.

Gisenyi ina sababu ya kulitilia shaka neno hasira kuliko miji mingi. Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilipodunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, serikali ya muda iliyoshika madaraka ilijitetea mbele ya ulimwengu kwamba mauaji ya Watutsi ni ghadhabu ya wananchi waliofiwa na kiongozi wao. Raia wamepandwa na hasira. Wataalamu wa diplomasia wataelewa. Wako walioelewa.

Tuitazame basi ghadhabu hiyo ilivyofanya kazi mjini hapa. Omar Serushago, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa wanamgambo wa Interahamwe wa Gisenyi, alikiri makosa yake mwezi Desemba 1998 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda mjini Arusha, na Februari 1999 akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Ndani ya kesi hiyo kuna vizuizi vya barabarani, kikiwemo cha njia ya Corniche iendayo mpakani, ambako waliokuwa wakikimbilia Zaire walisimamishwa na kutakiwa vitambulisho. Waliobainika kuwa Watutsi walitengwa, wakapelekwa kwenye makaburi ya mji, mahali palipokuja kuitwa Commune Rouge, wakauawa huko. Hasira isiyojimudu haiombi kitambulisho. Haisomi karatasi, haiwapangi watu huku na huku, haitafuti usafiri wa kuwafikisha makaburini.

Mtafiti Scott Straus aliwahoji wafungwa 210 waliohukumiwa kwa kushiriki mauaji hayo, na kitabu chake kilitoka mwaka 2006. Wengi walimsimulia zaidi juu ya hofu ya vita na shinikizo la wakubwa na wenzao kuliko chuki ya siku nyingi dhidi ya jirani. Ukikisoma unaona jinsi neno hasira lilivyo dogo kwa kazi liliyopewa.

Na yuko Félicité Niyitegeka. Alikuwa Mhutu, mtumishi wa Kanisa Katoliki, akifanya kazi katika kituo cha Saint Pierre hapa Gisenyi, ambako aliwaficha Watutsi na kuwasaidia wengine kuvuka kwenda Goma. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtumia ujumbe aondoke ajiokoe. Alimjibu kwa barua kwamba hawaachi aliokuwa nao, heri afe pamoja nao. Tarehe 21 Aprili 1994 alichukuliwa nao hadi Commune Rouge, akauawa. Leo yumo katika orodha ya mashujaa wa taifa, ngazi ya Imena. Aliishi mji uleule, alizungukwa na redio zilezile, alifiwa na rais yuleyule. Kama hasira ingekuwa mafuriko, ingemzoa na yeye.

Silinganishi kofi la Mbugangari na Commune Rouge; kufanya hivyo ni kuwatukana waliolala pale. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: udhuru ni uleule. Anayesema "ilikuwa hasira" anataka tuache kuuliza alimchagua vipi aliyemwumiza.

Udhuru huo una maskani yake ndani ya ndoa. Mwanamke wa Kinyarwanda akienda kwao na jicho lililovimba, kwa vizazi vingi alijibiwa kwa maneno mawili: niko zubakwa, ndivyo nyumba zijengwavyo. Avumilie, arudi. Sheria imeshakataa jibu hilo. Tangu 2008 Rwanda ina sheria mahsusi dhidi ya ukatili wa kijinsia, na tangu 2009 kuna vituo vya Isange, ambako aliyeumizwa hukuta daktari, polisi na mshauri chini ya paa moja. Lakini sheria hufika baada ya kofi. Kabla ya kofi kuna nini?

Jibu la mtaani ni kwamba hasira itolewe nje, isije ikampasua mtu. Piga mto, piga kelele, vunja kitu cha bei nafuu. Ushauri huu unapendwa sana, nao ni mbovu. Brad Bushman wa Marekani aliupima, na matokeo aliyachapisha mwaka 2002. Wanafunzi 600 walikasirishwa kwa makusudi. Kundi moja likapewa gunia la ngumi, lipige huku likimfikiria aliyelikasirisha. Kundi jingine likapiga likiwaza mazoezi ya viungo. La tatu likakaa tu dakika mbili. Waliotoka na hasira nyingi zaidi ni wa gunia na adui kichwani. Waliotulia zaidi ni waliokaa bila kufanya lolote. Mwaka 2024 yeye na Sophie Kjærvik walipitia tafiti 154 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000, wakafikia hapohapo: kinachopunguza hasira ni kile kinachoushusha mwili, kama kupumua polepole na kulegeza misuli. Hata kukimbia hakusaidii sana kuishusha hasira, kwa kuwa mwili unazidi kupandishwa. Waislamu wa mtaa wa Majengo hawakuhitaji kusubiri tafiti hizo. Mafundisho ya Mtume wanayoyasikia tangu madrasa ni kwamba aliyekasirika akiwa amesimama akae, na akiona bado, ajilaze. Kuna pia kutawadha. Jaribu kumpiga mtu ukiwa umelala chali.

Ila kutulia ni nusu ya kazi. Ukishatulia, nyanya hazijalipwa, na mtoto bado ndiye aliye karibu. Kwa hiyo linalonivutia zaidi ni kazi iliyofanywa Rwanda na RWAMREC, shirika la wanaume lililoanzishwa 2006, kupitia mradi wa Bandebereho. Waliwakusanya akina baba vijana wenye watoto wadogo, wenyewe kwa vikao 15 na wakiwa na wake zao kwa baadhi ya vikao hivyo, katika wilaya za Karongi, Musanze, Nyaruguru na Rwamagana. Walijadili nani anabeba maji, nani anashika pesa, mtoto akilia usiku nani anaamka. Hasira ilikuwa mada moja kati ya nyingi. Ndoa 1,199 ziligawanywa kwa kura, nusu hivi zikaingia kwenye mradi na nyingine hazikuingia. Baadaye, wanawake 57 kati ya kila 100 ambao waume zao hawakushiriki walisema wamepigwa na waume zao katika mwaka uliopita. Kwa walioshiriki walikuwa 33. Thelathini na tatu bado ni wengi, na sitaki kuushangilia mradi kupita kiasi. Lakini angalia kilichobadilika. Hakuna aliyewafundisha wanaume hao kuishi bila kukasirika. Walichofundishwa ni kumtazama mke kama mtu anayeweza kujibu, na macho ya hasira yakakosa pa kutua.

Kuna hasira nyingine ambayo haipigi mtu, na katika nchi hii nadhani ndiyo inayobomoa mahusiano mengi zaidi. Mnyarwanda hulelewa kutopayuka. Kwa mwanamume kuna methali kabisa: amarira y'umugabo atemba ajya mu nda, machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Mgeni akija kutoka Goma, ambako watu huzozana sokoni kwa mikono yote miwili na saa hiyohiyo wakagawana ndizi, huona Gisenyi ni mji wa watu wapole. Upole upo. Na kununa kupo pia. Kuna ndugu waliogawana shamba vibaya ambao hawajasalimiana tangu matanga ya baba yao, na wote wawili huja kwenye umuganda, kazi ya jamii ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, wakachimba mtaro mmoja, kila mmoja akitazama jembe lake. Kinyongo cha namna hii hakina kelele, kwa hiyo hakuna anayekiamulia. Abunzi, wale wapatanishi wa ngazi ya chini waliowekwa na sheria, huwafikia ugomvi ukishakuwa kesi ya mpaka wa kiwanja. Fundo lenyewe lilifungwa miaka kumi kabla.

Tena iko hasira iliyo haki. Aliyeuliwa watoto wake ana haki ya kukasirika, na anayemharakisha kusamehe anajitafutia utulivu wake mwenyewe. Gacaca, mahakama zile za nyasini, ziliipa hasira hiyo anuani: mtu alisimama mbele ya majirani akamwambia fulani, wewe, siku ile, kwa panga lile. Mahakama kama 12,000 zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili, na tarehe 18 Juni 2012 zikafungwa rasmi. Zilikuwa na kasoro, na wapo waliotoka humo na vidonda vipya. Lakini hukumu iliposomwa, mshtaki na mshtakiwa au ndugu zake walirudi kuishi kando ya bomba moja la maji. Utafiti wa taifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 uliona asilimia 27.9 ya manusura wa mauaji ya kimbari wana maradhi yatokanayo na kiwewe. Kwa umma kwa jumla ilikuwa 3.6. Kukasirika kwa jambo dogo ni mojawapo ya dalili zake, na wanaoionja dalili hiyo ni watoto waliozaliwa baada ya 1994.

Kwa majirani wa bomba moja kulizuka kitu kiitwacho mvura nkuvure, niponye nikuponye. Kilianza Byumba, kaskazini, mwaka 2005, ndani ya dayosisi ya Anglikana, kwa msaada wa wataalamu wa Uholanzi, kisha kikasambaa sehemu nyingine za nchi. Watu 10 hadi 15 wa sehemu moja, saa tatu kila wiki, wiki 15, wakiongozwa na wenzao wawili waliopata mafunzo. Ndani ya duara moja anaweza kukaa mjane, mke wa mfungwa, na aliyetoka gerezani. Hatua ni sita, na mpangilio wake ndio ulionifanya nikae nikafikiri: usalama, kuaminiana, kujaliana, heshima, kanuni mpya za maisha, na kumbukumbu. Kumbukumbu iko mwisho. Mimi ningeanza nayo, na nadhani watu wengi wangeanza nayo. Tungewakalisha chini tukawaambia semeni kilichotokea. Hawa huanza na mahali pa kukaa ambapo kila mtu ana mgongo salama. Hucheza michezo ya kitoto, mtu mzima wa miaka 60 akitakiwa ajiachie aanguke nyuma adakwe na yule ambaye hajamsalimia tangu vita. Wengine hukataa wiki ya kwanza na ya pili. Hakuna anayewalazimisha.

Hutunga kanuni zao wenyewe: kutokatizana, kutotoa nje yaliyosemwa ndani, kufika kwa saa. Kufika kwa saa huleta ugomvi wa kwanza, na ninavyoona mimi ndiyo faida yake. Jirani aliyechelewa anaambiwa usoni, "umechelewa, umetuudhi." Kwa watu waliozoea kuipeleka hasira tumboni au kwa mtoto, hilo si neno dogo. Hasira imetua kwa mhusika, ikiwa ya ukubwa wake, siku yake. Watafiti waliwalinganisha watu 100 waliopita kwenye makundi ya Byumba na wengine 100 ambao hawakupita, na hali ya akili ya walioshiriki ilikuwa imeinuka zaidi, hata miezi kadhaa baada ya vikao kwisha.

Mpaka wetu nao unahitaji duara la namna hiyo. Mwezi Januari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Goma, mabomu yaliangukia pia upande wetu, wilayani Rubavu, na kuua watu, na kwenye simu za pande zote mbili matusi yakaruka kwa wingi: ninyi, wao, wale. Hasira za mkizi tijara ya mvuvi, na wavuvi wa siasa za eneo hili hawalali. Aliyetukanwa kwa kabila au taifa lake hawezi kumfikia jenerali wala waziri. Anayemfikia ni muuza nyanya aliye mbele yake kwenye foleni, mwenye lafudhi ya ng'ambo. Hata hivyo, mpaka ulipofunguliwa, mabeseni yalivuka tena, kwa kuwa Goma inakula na Rubavu inalima. Watu wa biashara ndogo wameifanyia kazi amani ya eneo hili zaidi ya mikutano mingi, nao hawalipwi posho.

Kuhusu makundi ya mvura nkuvure, wiki ya kumi na tano ikipita mengi hayavunjiki. Hugeuka ikimina: kila mmoja anaweka chochote kila wiki, na kwa zamu wanakopeshana kununua mbuzi, bima ya afya, mbegu za viazi. Na hapo pesa ikishaingia ugomvi haukawii. Nani hajarejesha, daftari alikuwa nalo nani, mia tano imepungulia wapi. Wanazozana kwa majina, mweka hazina anajitetea, mjane anamwambia aliyetoka gerezani kwamba hesabu zake hazieleweki, naye anamjibu kwamba zinaeleweka, alete miwani. Wiki inayofuata wanakutana saa ileile, daftari likiwa kwa mtu mwingine.